Ule Mchezo wa Bibi

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Wiki hii tumemsomea khitma bibi yetu mzaa mama. Watu walikuja wengi, Alhamdulillah, wala hakuna kilichopungua. Lakini kuna neno lilisemwa upande wetu wanawake, wakati kahawa inapitishwa, na tangu siku ile limenikaa kooni. Bi mkubwa mmoja, kwa nia njema kabisa, alinyanyua mikono akasema, "Mola amghufirie, na ule mchezo wake wa bahari amsamehe." Alikusudia kuogelea kwake. Wenzake wakaitikia amin. Mimi nilinyamaza, maana msibani si pahala pa kubishana na wakubwa.

Sasa nasema. Tuna hadithi aliyoipokea Imam Nasai, ya masahaba wawili, Jabir bin Abdillah na Jabir bin Umayr, waliokuwa wakishindana kurusha mishale. Mmoja akachoka akakaa chini. Mwenzake akamwambia: umefanya uvivu? Kisha akamkumbusha kauli ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba kila kisichokuwa na utajo wa Mwenyezi Mungu ni mchezo na upuuzi isipokuwa mambo manne: mtu kutembea baina ya shabaha mbili, kumfunza farasi wake, kucheza na mkewe, na kujifunza kuogelea. (Ile kauli ya Sayyidna Umar kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea mnaijua, lakini isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina maneno, kwa hiyo siitegemei. Hii yanitosha.) Basi tumeombea msamaha wa kitu ambacho Mtume mwenyewe alikitoa kwenye upuuzi.

Bibi alikuwa mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja, kule ambako maji yakipwa unatembea mpaka karibu na mwamba, na yakijaa yanafika chini ya minazi. Akishaswali alfajiri alitazama maji. Yakiwa yamejaa, alivaa suruali yake nyeusi aliyoishona mwenyewe, ina mpira kwenye vifundo vya miguu, na dera fupi juu, na mtandio amefunga fundo nyuma ya shingo. Kanga aliiacha pwani. Alikuwa akituambia kanga ikilowa humzonga mtu miguu, na wanawake wengi wamekufa na stara zao kwa kukosa akili ya kushona suruali.

Alitufundisha wajukuu wote, wa kike na wa kiume. Hakuanza na mikono wala miguu. Alikulaza chali, akakuwekea vidole viwili tu chini ya kisogo, akasema: vuta pumzi, ijaze kifuani, tazama juu, sema Bismillahi. Ukiogopa ukanyanyua kichwa, miguu inazama. Ukituliza shingo, maji yanakubeba. Unakaa hivyo unasoma Kul-huwallahu, na ukifika aya ya mwisho ndipo unagundua vidole vilishaondoka zamani. Mimi tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, nimeisomea darsani kwa miaka, na masheikh wangu Allah awalipe kheri, lakini mwili wangu uliielewa pale.

Na udugu je? Wajomba zangu wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la minazi. Walikutana misikitini wakapishana. Bibi hakuita kikao wala hakumtuma mtu. Aliwaambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba magoti yanamsumbua, anataka mtu wa kumshika mkono kuingia majini. Walipofika pwani wakakutana. Akampa huyu mkono wa kulia na yule wa kushoto, wakaingia naye mpaka maji ya kifua, kisha akawaachia mikono akaogelea zake, akawaacha wamesimama wawili wakitazamana, nguo zimelowa. Alipogeuka walikuwa wanacheka. Shamba lile mpaka leo halijagawanywa, lakini wanaamkiana, na khitma wamebeba masufuria pamoja.

Mtume ametuambia kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na katika kila mmoja mna kheri. Bibi alizitunza nguvu zake ili azitumie kwa watu wake. Akitoka baharini alipita nyumba kwa nyumba, nywele bado mbichi chini ya mtandio, anauliza nani mgonjwa na nani hajala.

Sasa nyinyi mnaowakataza mabinti zenu, nawaombeni mnisikilize. Sisi ni watu wa kisiwa. Tangu kilimo cha mwani kianze hapa mwaka 1989, mama zetu wanashinda majini, na bado wengi wao hawajui kuogelea. Siku hizi maji ya kina kifupi yamepata joto, mwani ule wenye bei nzuri unakufa, na wa kuuhamishia kwenye kina kirefu ni huyo huyo mama asiyejua kuelea. Na Septemba 2011, usiku, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikienda Pemba. Nani kati yetu hakuguswa? Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, mkondo wa pale si wa mchezo, na ajali ni kadari. Lakini kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, ni sunna. Mnamnunulia binti simu mkisema ni usalama wake, halafu mnampandisha boti kila likizo hajui hata kulala juu ya maji! Stara ina njia zake, na suruali ya mpira inashonwa kwa siku moja.

Mama mdogo, ambaye naye alifunzwa na Bibi, amekubali kuwafundisha wasichana upande wa wanawake, Jumamosi maji yakijaa. Wanaotaka mchoro wa ile suruali waniambie, ninao. Mabinti waje wamekula kidogo tu, na kanga zibaki nyumbani.