Siku moja chini ya boriti, Mji Mkongwe, Zanzibar

Saa 12:30 asubuhi. Kahawa, kipande cha boflo, kisha vichochoro. Gari halifiki nyumba tunayofanyia kazi, kwa hiyo jeki za chuma tulizokodi (nguzo za kurefushwa, za kutegemeza sakafu), mbao na mifuko ya chokaa vyote vililetwa jana kwa mkokoteni. Nyumba ni ya mawe na chokaa, ghorofa mbili. Mwenyewe ni Bi Mkubwa aliyezaliwa humu humu, na anataka vyumba viwili vya ghorofa ya kwanza vipitane kwa uwazi wa mita 1.8. Tatizo ni kwamba ukuta unaovitenga ndio unaobeba sakafu ya juu. Boriti za chumba cha upande wa kulia zimelala juu yake, na za upande wa kushoto vivyo hivyo. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe tunacho, mchoro wa mhandisi ninao mfukoni. Bila hivyo viwili nisingegusa hata lipu.

Saa 1:15. Napanda ngazi na kisu, nachoma kila boriti pale inapoingia ukutani. Boriti hizi ni za mkoko. Mkoko ni mti mgumu, lakini kichwa chake kikikaa na maji ya dari inayovuja, kinaoza huku kiwiliwili kikionekana kizima. Humu zote zinakataa kisu ila moja ya pembeni, naitia alama ya chaki.

Hizi boriti ndizo zilizopanga nyumba zetu. Hazina urefu wa kutosha kuvuka ukumbi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3. Juu yake wazee walipanga mawe, kisha wakamwaga zege ya chokaa na kuiponda. Sakafu ya namna hiyo, unene wa sentimita 30, ina uzito wa kama nusu tani kwa kila mita ya mraba. Ukuta wetu unabeba nusu ya kulia na nusu ya kushoto, kwa hiyo kwenye uwazi wa mita 1.8 peke yake kuna zaidi ya tani mbili.

Saa 2:00. Vijana wameshabeba jeki juu. Nawarudisha chini. Jeki ukiisimamisha ghorofa ya kwanza, mzigo wote unaingia kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, nayo pia imelala juu ya boriti. Tunaanza chini kabisa, ardhini, na kila jeki ya juu inakaa sawasawa juu ya mwenzake wa chini, timazi ikishuhudia. Chini ya kila safu tunalaza ubao mnene ili mzigo usambae.

Saa 3:30. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Safu moja ya jeki kila upande wa ukuta, umbali wa kama sentimita 70, tupate nafasi ya kupiga tindo. Juu ya jeki unalala ubao unaokatiza boriti zote. Lakini boriti ni mti wa porini: hii nene, hii nyembamba, hii imepinda. Ubao unagusa tatu, nyingine zinaning'inia. Basi kila boriti inapata kabari yake ya mbao. Nagonga kidogo, naisukuma kwa kidole gumba. Ikicheza, nagonga tena. Ikikataa kutoka, naacha.

"Fundi, tuongeze kidogo?" anauliza kijana mmoja, mkono uko kwenye mkono wa jeki.

"Ukiongeza utanyanyua sakafu ya watu. Sisi tunaipokea tu."

Sakafu ya chokaa ukiisukuma kwa chini inapasuka kwa juu. Nabandika kipande cha kioo kwa plasta juu ya ufa wa zamani. Nyumba ikisogea hata kidogo, kioo kitavunjika.

Saa 5:00. Bi Mkubwa analeta mbaazi za nazi na maandazi, na swali lake. "Mwanangu, haitakuja kutuangukia kama Beit al-Ajaib?" Tangu lile jumba la kale la masultani hapa Mji Mkongwe liporomoke sehemu Desemba 2020, swali hili nalisikia kila nyumba. Nampeleka akaone kioo.

Saa 5:40 hadi adhuhuri. Tindo na nyundo ndogo, hakuna mashine ya kutetemesha. Ukuta una unene wa sentimita 50. Hatuutoboi. Tunachimba mfereji upande mmoja tu, chini kidogo ya boriti, kina cha sentimita 16. Zile nyingine 34 zinaendelea na kazi yao. Kila mwisho wa mfereji tunaweka jiwe pana la kulalia mbao zitakazobeba sakafu badala ya ukuta.

Saa 8:00. Mhandisi alichora mbao tatu za mvule, kila moja upana wa sentimita 15 na kina cha 30, zikae bega kwa bega. Urefu ni mita 2.4, ili kila upande uingie ukutani sentimita 30. Ubao mmoja una kama kilo 70. Watu wanne, bismillahi, ukaingia. Nafasi ya juu tunaijaza mawe mabapa na chokaa, tukigonga mpaka yakaze.

Kijana anauliza kwa nini tusitie saruji ikauke upesi. Saruji ni ngumu kuliko mawe yetu, na inafungia unyevu ndani. Unyevu ukikosa njia unahamia kwenye vichwa vya boriti.

Saa 10:30. Kioo kizima. Kabari zote nazipitia tena kwa kidole, mbili zimelegea, nazikaza. Ile boriti yenye chaki tutaiongezea mwenzake kabla hatujagusa upande wa pili.

Bi Mkubwa anataka kujua lini atapita. Namwambia ukweli: chokaa hii ipumzike kwanza, kisha tutachimba upande wa pili, tuingize ubao wa kati kwanza na wa nje mwisho, na mawe ya chini tutayatoa baada ya hapo. Jeki zitakaa wiki kadhaa.

"Na kodi yake kwa siku?"

"Ipo, Bi Mkubwa. Niliiandika kwenye hesabu ya mwanzo, ukurasa wa pili."

Akaenda kutafuta miwani.