Maji Mbele, Mchanga Nyuma

Nimeingia ndani na mchanga kwenye viatu, mchanga mfukoni, shati limelowa mgongoni, lakini naandika kwanza, kuoga baadaye. Nikilala bila kuandika, kesho nitabaki na alama tu kwenye kadi, na alama zangu za leo hazina cha kumwambia mtu.

Leo tumecheza gofu kwenye uwanja wa aina ya bustani: miti mikubwa pande zote, nyasi zimekatwa zikalala mistari mistari, maji yanajitokeza kila ukipanda kilima, na bunka nyeupe, yaani mabonde ya mchanga, pembeni mwa karibu kila grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Anayeanza gofu hudhani viwanja vyote ndivyo vilivyo. Kumbe mchezo huu ulilelewa kwenye pwani ya Uskoti, juu ya matuta ya mchanga yanayopigwa na upepo, mahali ambapo mti ni nadra kuuona. Bunka za kule ni ndogo, zina kina, na kuta zake zimesimama wima. Uwanja wa Old Course pale St Andrews una bunka zaidi ya mia moja, na nyingine huzioni mpaka mpira wako umeshatumbukia. Bustani ni kinyume chake. Hapa kila kitu kimeanikwa: mchanga unaonekana kutoka mbali, ziwa linameremeta, hakuna wa kusema hakuonywa. Ila kuonywa sana nako kuna shida yake. Jicho likishang'ang'ania maji, mikono huyafuata.

Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu ambaye anapiga draiva, ile fimbo ya mikwaju mirefu, mbali kuliko anavyoweza kuutafuta mpira, na mzee mmoja tuliyepangiwa naye pale pa kuanzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnacheza kwa haraka au kwa amani?"

Rafiki yangu akasema kwa amani. Mzee akashukuru, akasema magoti yake hayana haraka na mtu.

Mashimo ya mwanzo sina la kusimulia. Feawei, njia ya nyasi iendayo kwenye grini, ni pana, miti iko mbali, mtu anapasha mwili joto huku akijidanganya kwamba leo mkono umekaa. Uwanja uliochorwa vizuri hukupa dakika arobaini za namna hiyo, halafu unakufikisha kwenye maji.

Shimo la tano ni la mikwaju mitatu, yaani mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa mipigo mitatu. Unasimama kwenye tii, pale pa kuanzia, mbele yako ziwa tupu, na grini imekaa ng'ambo, upana wake mkubwa kuliko kina chake. Leo bendera ya kuonyesha shimo ilikuwa imechomekwa mbele kabisa, hatua chache kutoka ukingo ambako nyasi zimekatwa fupi makusudi ili mpira uliopungukiwa urudi kinyumenyume majini. Nyuma ya grini kuna bunka moja ndefu. Rafiki yangu akauangalia ule mpira wake mpya, akaurudisha kwenye begi, akatoa mwingine uliochubuka.

"Huo wa nini?" mzee akauliza.

"Wa maji, mzee."

"Basi umeshautupa, mwanangu. Kilichobaki ni kuupiga tu."

Tulicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpira ule haukufika hata katikati ya ziwa. Nimewaona watu wengi wakibadilisha mpira mbele ya maji, na sijawahi kuielewa hesabu yake. Anayeogopa kupoteza mpira mpya anapiga kwa mkono uliokaza, na mkono uliokaza ndio unaopoteza mipira.

Mzee alichukua fimbo ndefu kuliko niliyotarajia kwa umbali ule. Hakutazama bendera hata kidogo. Alitazama vilele vya miti ya upande wa pili, kwa sababu pale kwenye tii tulikuwa tumekingwa na miti, hewa imetulia kabisa, kumbe juu matawi yalikuwa yanayumba kuja upande wetu. Mpira ukishapita urefu wa miti unakutana na upepo ambao wewe uliyesimama chini huujui. Akapiga taratibu, mpira ukashuka katikati ya grini, mbali na bendera. Akachomoa kijiti alichouwekea mpira, akaanza kutembea bila kuutazama tena.

Hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Tunauliza bendera iko mita ngapi, wakati la kuuliza ni mita ngapi mpira lazima ukae hewani ili uyavuke maji, na baada ya hapo kuna nafasi kiasi gani. Tena umbali wa fimbo zetu tunaukumbuka kwa ule mkwaju mmoja bora tuliowahi kupiga, siyo kwa mikwaju ya kila siku.

Hata mabingwa maji huwanyoosha. Mwaka 2016 mcheza gofu Jordan Spieth alikuwa anaongoza mashindano ya Masters kwa mikwaju mitano zilipobaki nusu ya mwisho ya mashimo ya siku ya mwisho. Akafika shimo la 12 la Augusta National, uwanja wa Marekani yanakochezwa mashindano hayo, yadi 155 tu, kijito cha Rae's Creek kikiwa mbele ya grini. Mpira wa kwanza uliteremka kwenye ukingo ukaingia majini. Akaudondosha mwingine, nao ukazama. Wa tatu aliupiga mrefu ukaangukia bunka ya nyuma. Alimaliza kwa mikwaju saba kwenye shimo la mikwaju mitatu, na koti la kijani la mshindi likaenda kwa Danny Willett. Watu wanakumbuka ile mipira miwili iliyozama. Mimi nakumbuka zaidi ule wa bunkani: baada ya yote hayo, alisimama mchangani, maji yakimtazama kutoka ng'ambo ya grini, akautoa mpira na kuumalizia kwa mkwaju mmoja zaidi. Mkwaju ule ulihitaji moyo kuliko mingi iliyoshinda vikombe.

Nami nilimwiga mzee, nikachukua fimbo ndefu. Ndefu zaidi kidogo. Mpira ukapita juu ya bendera, ukapita grini, ukaingia kwenye ile bunka ya nyuma. Sikusikitika. Nyuma mchanga, mbele maji. Ukiniamsha usiku wa manane uniulize, nitachagua mchanga.

Maana mchanga unaonekana mbaya kuliko ulivyo, na maji yanaonekana mazuri kuliko yalivyo. Ukiingia majini unalipa mkwaju mmoja, unaudondosha mpira mahali sheria inaporuhusu, na kama vigingi vya mpaka wa maji ni vya njano kama pale shimo la tano, huna jinsi, lazima uyavuke tena maji yaleyale. Bunka haikudai kitu. Unaingia, mpira ule pale, fimbo hii hapa, haya cheza.

Nikashuka. Mpira ulikuwa umekaa juu ya mchanga vizuri, chini yake kijishimo kidogo tu, na jani moja kavu limeuegemea. Jani nililiondoa kwa vidole viwili nikiwa nimebana pumzi. Tangu sheria zibadilishwe mwaka 2019 unaruhusiwa kuondoa jani au kijiti ndani ya bunka, ila mpira ukisogea kwa sababu yako unaadhibiwa. Usichoruhusiwa ni kuupima mchanga kwa mkono au kwa fimbo, wala kuugusa kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga. Kwa hiyo unaupima kwa miguu. Unasimama, unazungusha nyayo mpaka zizame kidogo, na hapo unajua kama mchanga ni mkavu na mwingi au umelowa ukashikana. Wangu ulikuwa mkavu juu, mgumu kidogo chini. Umande ulikuwa bado haujaisha kabisa.

Mbele yangu grini inateremka. Mwisho wa mteremko ni bendera, hatua chache baada ya bendera ni ziwa. Ukiugonga mpira wenyewe badala ya mchanga, unaruka hadi majini. Ukichimba mno, unabaki ulipo. Na hapa lazima nimshukuru Gene Sarazen, mcheza gofu wa zamani, aliyechukua fimbo ya kawaida ya bunkani mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaiongezea chuma chini ya tumbo lake. Alisimulia mwenyewe kwamba wazo alilipata alipokuwa akijifunza kurusha ndege, kwa kuangalia mkia unavyofanya kazi. Kabla ya hapo fimbo za bunkani zilikuwa na ncha nyembamba iliyojichimbia mchangani. Ile nyama aliyoiongeza hufanya fimbo iteleze chini ya mpira bila kuzama. Mwaka 1932 alishinda mashindano ya Open ya Uingereza akiwa nayo, na leo hakuna begi isiyo na mtoto wa ile fimbo.

Nikaufungua uso wa weji, hiyo fimbo ya mchangani, ukaangalia mbinguni, nikachagua punje moja ya mchanga nyuma ya mpira, kama upana wa vidole vitatu hivi, nikaitazama hiyo peke yake. Bendera niliisahau. Ziwa sikulisahau, lakini nililiweka pembeni. Nikapiga mchanga. Sauti yake nadhani ndiyo inayonirudisha kwenye mchezo huu: pufu, nzito na laini, tofauti kabisa na mlio wa chuma kwenye mpira. Mpira ulitoka umebebwa na mchanga, ukaanguka mapema, ukaserereka polepole ukiipita bendera, nami nikawa nauambia simama, simama. Ulisimama. Rafiki yangu anadai ulibakiza urefu wa fimbo kufika kwenye nyasi za ukingo. Mimi nasema ulibakiza mbili.

Mikwaju miwili ya grini baadaye nilikuwa na nne. Mzee alikuwa na tatu bila kutoka jasho.

Nikasawazisha mchanga kwa reki, na hapa naomba nitoe dukuduku. Shimo la tisa nilikuta mpira wangu umekaa ndani ya alama ya kiatu, kisigino kimezama, reki imelala hatua mbili pembeni. Aliyepita hakuona haja ya kuinama. Sheria haikupi nafuu yoyote kwa alama ya kiatu cha mwenzako. Unaucheza hapohapo ulipo. Nikiambiwa nitunge adhabu moja ya ziada katika gofu, nitaanza na huyo.

Kuna bunka nyingine, ya shimo la kumi na moja, ambayo imenifikirisha mpaka sasa. Ukiwa feawei unaapa kwamba imeshikana na grini, mdomo wake unaifunika nusu ya bendera. Ukifika unakuta kati yake na grini kuna nafasi ya kuegesha magari sita. Mchezo huu wa macho una historia. Alister MacKenzie, aliyeichora Augusta pamoja na mcheza gofu Bobby Jones, alikuwa daktari, na alikuwa tabibu katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Huko alivutiwa na jinsi Makaburu walivyojificha na kuyaficha mahandaki yao, na baadaye akayapeleka maarifa hayo kwenye viwanja: kingo za bunka zinazoungana na mistari ya ardhi hadi jicho lisijue mwisho uko wapi. Alifariki Januari 1934, miezi michache kabla ya Masters ya kwanza. Sijui aliyeichora hii ya leo alijifunza kwa nani, lakini mpira wangu ulipungukiwa kwa nafasi ya hayo magari sita.

Maziwa nayo, pamoja na uzuri wake, hayakuchimbwa kwa ajili ya picha tu. Mara nyingi ndiyo hifadhi ya maji ya kumwagilia na mahali pa kukusanyia mvua, na udongo uliotolewa humo ndio unaoinua grini na vilima vya jirani. Ndiyo maana karibu na bwawa mara nyingi kuna grini iliyonyanyuka. Kati ya shimo la kumi na nne na la kumi na tano tulipita kando ya ziwa kubwa, bata wanaogelea, maji ya kijani kwenye kivuli, na kwa sababu halikuwa kwenye njia ya mpira wa mtu yeyote, tulilisifu wote watatu. Rafiki yangu alipiga picha. Kama lingekuwa kushoto kwa feawei hata simu asingeikumbuka.

La kumi na nane lina maji upande wa kushoto, kutoka tii hadi grini, vigingi vyekundu. Rafiki yangu akatoa draiva kabla mzee hajavaa glavu. Mpira ulianza katikati ya feawei, ukapinda, ukapinda tena, ukavuka vigingi na kuzama. Tukabishana kidogo: yeye alitaka kuudondosha jirani na ulipozama, mbele huko. Mzee akamwonyesha kwa kidole mahali ulipovukia ukingo, nyuma sana, akampimia urefu wa fimbo mbili kutoka hapo, si karibu na shimo, na mkwaju mmoja wa adhabu.

"Mzee, hapa ni kama nimeanza upya."

"Afadhali wewe. Ingekuwa njano ungerudi nyuma zaidi."

Mzee mwenyewe alipiga mikwaju mitatu mifupi kulia, mbali na maji, akafika grini akiwa mkavu na mchovu. Mimi niliupiga wa pili ukaingia bunka ya kulia, ile ya mwisho, na nilikuwa nimeshaupenda mchanga wa pale kiasi kwamba nilishuka nikitabasamu. Safari hii nilipiga mchanga mwingi mno. Mpira ukatoka hatua tatu.

Tulipovua kofia na kushikana mikono, mzee akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Nikamwambia ninayo. Akasema basi tutaanzia tii za mbele, na rafiki yangu aje na mipira mipya tu.