Atieno na Mama Brian ni Mtu Mmoja

Kwa miaka kadhaa hapa Kisumu nilifungua somo la objekti, katika uandishi wa programu za kompyuta, kwa sentensi ile ile: klasi ni ramani, objekti ni nyumba. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliikariri, wakaiandika vizuri kwenye mtihani, kisha wakakwama mbele ya kompyuta. Iliniuma, maana wengi walijilaumu kwamba hawana kichwa cha kompyuta, kumbe mpangilio wangu ndio uliowapoteza.

Muhula huu klasi, ile ramani ya mchuuzi yeyote, nimeiandika mimi, nikawapa ikiwa tayari. Wao wakaanza na mtu: Atieno, muuza omena soko la Kibuye, anayedaiwa shilingi 500 na aliyemkopesha mali. Kwa lugha ya programu ya Python:

atieno = Mchuuzi("omena", 500)
mama_brian = atieno
mama_brian.lipa(200)

Nikauliza deni la atieno sasa ni ngapi. Karibu nusu ya darasa wakasema 500. Walidhani alama ya = inanakili mtu, kumbe inampa jina la pili tu. Hapo sikukimbilia ubao. Niliwauliza mama zao wanaitwaje. Mama ni mmoja, lakini dada yake humwita Atieno, majirani Mama Brian, wajukuu Dani. Je, Mama Brian akilipa leo, mwenye mali atakuja kesho kumdai Atieno pesa zile zile? Hakuna aliyehitaji kuambiwa jibu.

Wiki iliyofuata tuliongeza wauza nyanya na mitumba, na waliposhangaa kwamba wote wanajua kulipa deni bila kufundishwa upya, ndipo nikawafungulia ile klasi waisome. Waliisoma kama watu wanaotafuta kitu.

Naamini huu ndio mwendo wa asili wa jambo lenyewe. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya programu ya Simula huko Oslo, Norway, miaka ya 1960, walitaka kuiga shughuli za kweli ndani ya kompyuta, kama wateja wanaosubiri kwenye foleni. Walianza na vitu vyenye maisha yao.

Juzi msichana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye hajawahi kuuliza swali, aliinua mkono. “Mwalimu, nikifuta jina la mama_brian, na deni linafutika?”

Nikamwambia ajaribu. Akaandika del mama_brian, kisha print(atieno.deni), darasa zima likiwa limemgeukia.

300.