Siku za mbalamwezi

Nimerudi kutoka Igombe, kwa wavuvi wa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, jioni hii, nguo zangu bado zinanuka dagaa, na nimeona niandike kabla wiki haijaanza kunivuta.

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikimlalamikia Mungu kwamba roho yangu imekauka. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawahi daladala kutoka Buhongwa, nashika hesabu za mfanyabiashara wa samaki mpaka jioni, na baada ya hapo yananingoja mazoezi ya kwaya, jumuiya, na kikoba nilichokuwa mweka hazina wake. Mwaka jana presha ilipopanda na daktari akaniambia nipunguze mambo, mimi niliongeza: novena, zile sala za siku tisa, moja juu ya nyingine, na mkesha kila Ijumaa, kwa kuamini kwamba anayechoka ni yule asiyesali vya kutosha. Nikawa naitimiza sala kama ninavyofunga hesabu za mwezi, na nikimaliza nahesabu siku nilizokosa.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na mwanga huo ndio unaowavuta waje juu mpaka wavu uwazingire. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote huwa jeupe, taa hupoteza nguvu, dagaa hutawanyika, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Nimeyajua haya tangu utotoni, kama mtu anavyoijua njia ya kisimani, wala sikuwahi kuyafikiria.

Jana nilimkuta ameketi chini ya mwembe, wavu umemfunika mapaja. Alikuwa akipitisha vidole kwenye matundu yale madogo, na kila alipokuta mpasuko alisimama, akakata kwa wembe nyuzi zilizooza, akafunga fundo jipya na kulikaza kwa meno. Nilimwamkia, nikakaa juu ya jiwe, nikamweleza uchovu wangu wote, naye hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

“Mama,” aliniambia, “wavu huu ukiingia majini kila usiku bila kushonwa, dagaa wanapita. Utavuta, utachoka, na ndani utakuta maji.”

Nilimuuliza kama haogopi siku hizi za kukaa bila kipato. Akasema hofu ipo, ila mwezi hakuuweka yeye.

Neno hilo limenifuata njia nzima. Mimi nilikuwa nikisubiri pumziko nitakalojiruhusu mwenyewe kazi zikiisha, na kazi hazikuisha hata siku moja. Kumbe Dominika haiulizi kama nimemaliza. Adhana ya adhuhuri humkuta jirani yangu Mwislamu katikati ya mauzo, naye hufunika bidhaa zake na kwenda. Sisi nasi tunayo sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, ambayo kwa miaka mingi niliisikia kengele yake nikiwa nimeinamia daftari. Katika sura ya 6 ya Injili ya Marko, mitume wanarudi na taarifa ya yote waliyoyafanya, wakiwa hawana nafasi hata ya kula, na Yesu hawaongezei safari nyingine. Anawapandisha chomboni waende mahali pa faragha. Umati uliwatangulia kwa miguu, kwa hiyo pumziko lenyewe likawa fupi. Nalipenda simulizi hilo kwa sababu halifichi jambo hilo.

Wala mimi nisifiche. Mbalamwezi ikiwaka, mke wa mjomba hukopa unga dukani, na kina mama wanaoanika dagaa pale mwaloni hukosa kibarua. Pumziko lina gharama, na aghalabu anayeilipa siye anayepumzika. Nilipoacha uweka hazina mwezi uliopita, wenzangu waliumia, na mmoja mpaka leo ananipita bila salamu. Sina budi kwenda kwake mwenyewe, kwa sababu mzigo nilioutua umemwangukia yeye.

Kwa wiki moja sasa, saa sita mchana nimekuwa nikitoka ofisini na kukaa juu ya mwamba ulio karibu na maji, dakika kumi, bila kitabu cha sala. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa ukiitafuta simu. Siku ya nne nilimwona mnandi akianika mabawa yake, nikamtazama mpaka alipoondoka, na niliposimama niligundua kwamba nilikuwa nimesali.

Jana mjomba alinipa ncha ya wavu niivute ili aone vizuri palipochanika. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya ziwa, hatusemi neno, naye alipokunja wembe wake alisema giza litarudi baada ya siku nne na upande mmoja wa wavu bado haujaguswa.