Wenye bata

Mbeya imeamka na baridi leo, mlima Loleza umefunikwa na ukungu hadi kiunoni. Nimekaa ofisini na viroba viwili vitupu vya kilo 10 mezani, na sijagusa faili jingine.

Kimoja ni cha mama mmoja anayesaga sembe: bata wawili, maandishi mekundu. Cha pili ni cha mtu aliyeingia sokoni mwaka jana. Jina lingine kabisa, lakini bata ni walewale, wekundu uleule, hata uzi wa kushonea ni wa bluu kama wa mama. (Ameniruhusu kusimulia, picha nimeibadilisha.)

"Mwanangu, mimi nina cheti cha BRELA," mama aliniambia siku ya kwanza, akitaja wakala wa serikali wa kusajili biashara, akakikunjua kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Nilikisoma moyo ukiniuma. Kilikuwa cha jina la biashara, na hicho hakimpi mtu umiliki wa alama, yaani picha au jina linalotambulisha bidhaa yake. Alama ina maombi yake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986: inatangazwa, watu wanapewa siku 60 za kupinga, ikisajiliwa inalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Ofisi ni ileile, ndiyo maana watu wanachanganya. Siwalaumu. Nalaumu sisi mawakili, tunaowaandalia karatasi za biashara bila kuwauliza mzigo wao unatambulikaje sokoni.

Asiyesajili hana kesi ya kuingiliwa alama. Kinachobaki ni kudai kwamba mwenzako anauza mali yake kwa sura yako, na hapo uthibitishe kuwa wateja walishakujua kwa sura hiyo, na sasa wanapotoshwa.

Darasani tulifundishwa kwamba mnunuzi halinganishi alama mbili akiwa amezishika mkononi. Anakwenda na kumbukumbu. Nilikariri, nikafaulu mtihani. Nimekuja kuielewa Jumamosi hii, Mwanjelwa, niliposimama saa nzima kwenye duka la jumla. Hakuna aliyetaja jina la unga. Akaja binti wa miaka kama kumi: "Shikamoo. Bibi kasema wenye bata." Muuzaji akanyoosha mkono kwenye kiroba kilicho karibu. Kilikuwa cha yule mwingine. Mtoto akajitwika, akaondoka.

Nilijitambulisha, nikamweleza shida ya mama. Muuzaji akanyamaza kidogo, kisha akavuta daftari la mikopo chini ya kaunta. Humo ndani, mwaka baada ya mwaka: "Mama Tumaini, bata 2." "Mwalimu, bata 1." Nimeendesha kesi za biashara miaka 11 na sijawahi kukabidhiwa ushahidi mzuri namna hii.

Amekubali kuapa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo kiapo chake nitakiandika kwa maneno yake mwenyewe, na bata watabaki bata. Maombi ya zuio la muda, la kumsimamisha yule mwingine kutumia bata hao wakati kesi inaendelea, yanaingia Mahakama Kuu wiki hii, na ya kusajili alama yanakwenda pamoja nayo.

Daftari nimelinakili ukurasa kwa ukurasa. Bata wa kwanza kuandikwa humo ni wa 2016, kwa kalamu ya bluu iliyoanza kufifia.