Chemba ya wingu Arusha na Moshi: kazi yote ni kuondoa joto

Kwenye usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba ya ardhi hupitiwa na muoni (chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi) moja hivi kwa dakika. Arusha, kwenye kimo cha mita kama 1,400, zinaongezeka kidogo. Protoni kutoka anga za mbali zinagonga hewa ya juu, zinavunja viini vya naitrojeni na oksijeni, na katika mivunjiko hiyo huzaliwa pioni, chembe za muda mfupi ambazo huoza upesi na kuacha muoni, nyingi zikiwa kilomita 15 hivi juu ya vichwa vyetu. LHC, akselereta (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) kubwa kuliko zote duniani, ina mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na imegonganisha protoni kwa nishati ya hadi TeV 13.6, yaani elektronivolti trilioni 13.6. Angani zimewahi kupimwa chembe zenye nishati zaidi ya mara milioni kumi ya protoni moja ya LHC. Kwa hiyo klabu ya fizikia ya Sakina au Majengo haihitaji akselereta ili ianze kuangalia chembe. Inahitaji chemba ya wingu inayofanya kazi.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yanaanza na barafu kavu, ile ya kaboni dayoksaidi yenye nyuzi −78 za selsiasi. Huku si kitu cha kupitia dukani na kurudi nacho. Njia inayofaa ni vigae vya Peltier, vile vya kauri vyenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambavyo ukivipa umeme upande mmoja unapoa na wa pili unachemka. Mafundi wanaofungua dispensa ndogo za maji za mezani wanavijua. Vingi vimeandikwa TEC1-12706. Wengi hujaribu, sahani inagota kwenye −15, hakuna kinachoonekana, na lawama inaangukia spiriti au kigae. Mara nyingi kosa liko upande wa moto.

Tuanze na kinachotakiwa kutokea ndani. Alkoholi inavukizwa kutoka juu ya chemba, mvuke unashuka, unapoa njiani, na karibu na sahani ya chini linajitokeza tabaka la milimita chache ambalo mvuke wake umezidi kiasi ambacho hewa ile ya baridi inaweza kubeba. Mvuke huo unatafuta mahali pa kushika ili uwe matone. Chembe yenye chaji ikipita, inang'oa elektroni kwenye molekuli za hewa, na ayoni zinazobaki ndizo mahali penyewe. Mstari wa matone unatokea, unakaa sekunde moja mbili, unashuka. Wilson aliyebuni chemba ya kwanza alitanua hewa ghafla ili ipoe, na akapewa Nobeli mwaka 1927. Chemba za aina hiyo ndizo alizotumia Anderson kuiona positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, mwaka 1932, na muoni mwaka 1936 akiwa na Neddermeyer. Hii yetu haitanui kitu; inafanya kazi mfululizo mradi sahani ibaki na baridi. Lenga −26 au chini yake. Ukifika −30 utafurahi.

Kigae kimoja hakitoshi. Panga viwili. Cha chini, kinachokaa juu ya kipoozeo, kipe volti 12. Cha juu, kinachogusa sahani, kipe volti 5. Ukivipa vyote volti 12 unaharibu, kwa sababu joto la cha juu lote linamwagikia cha chini, nacho kinalemewa. Hesabu yake ni rahisi: kwenye volti 12 kigae kinavuta ampea 4 hadi 5, yaani wati 50 na kitu, kwenye volti 5 kinavuta ampea 2 hivi, wati 10. Ongeza wati chache zinazonyonywa kwenye sahani, unapata kama wati 70. Hizo 70 lazima ziondoke chini, muda wote, huku uso wa moto ukibaki karibu na joto la chumba au pungufu. Kila digrii unayoipunguza upande wa moto inashusha sahani karibu kiasi hicho hicho.

Hapo ndipo mahali tulipo panapoingia. Hewa ya Arusha ni nyepesi, uzito wake ni asilimia 85 hivi ya ule wa pwani, kwa hiyo feni ile ile inasukuma hewa pungufu kwa uzito. Moshi iko chini zaidi, lakini mchana wa Februari unajulikana. Feni na hitisinki (mapezi ya chuma ya kutawanya joto) ya prosesa vitakuangusha miji yote miwili. Tumia maji: bloku ya maji ya kupoozea prosesa, mipira miwili, pampu ndogo ya volti 12 ya kuzamisha, na ndoo. Lita 10 za maji zikibeba wati 70 zinapanda nyuzi 6 kwa saa. Tia barafu: kilo moja ikiyeyuka inameza joto la saa moja na dakika 20. Kilo tatu za barafu ya kawaida zinatosha kipindi kirefu cha maabara, na hapo upande wa moto uko karibu na nyuzi 10 badala ya 40. Pampu ya kunyunyizia maji kioo cha gari usiitumie. Imeundwa kwa sekunde chache na itaungua ikizunguka saa nzima.

Umeme unatoka kwenye pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni 5, mweusi ni hasi. Unganisha wa kijani na mweusi mmoja ndipo itawaka. Soma lebo: upande wa volti 12 uwe na angalau ampea 10. Boksi lenyewe usilifungue, ndani yake kuna kapasita zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Kabla ya kupanga vigae, tambua upande wa baridi wa kila kimoja kwa kukipa volti 5 kwa sekunde mbili tatu na kugusa. Zisizidi hapo: kigae kisicho na kipoozeo kinajipika, na lehemu yake ya ndani inayeyuka chini ya nyuzi 140.

Mpangilio kutoka chini ni huu: bloku ya maji, pesti ya prosesa (ile ya kupitisha joto), kigae cha volti 12 upande wa moto ukitazama chini, pesti, kigae cha volti 5 vivyo hivyo, pesti, sahani. Pesti iwe nyembamba kiasi cha kukaribia kuona kauri. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Sahani ni alumini ya milimita 2 au 3, sentimita 6 kwa 6, isuguliwe kwa msasa juu ya kioo hadi iwe bapa, kisha upande wa juu upakwe rangi nyeusi isiyong'aa, mkono mmoja mwembamba. Ubane kwa skrubu za nailoni. Skrubu za chuma zinarudisha joto la chini moja kwa moja kwenye sahani. Nyuzi kadhaa zinapotea hapo bila mtu kushuku. Kaza kwa zamu, kona hii kisha ya mshazari wake, robo mzunguko kila mara, maana kauri ikibanwa upande mmoja inapasuka. Pembeni zungushia sponji isiyoshika maji, la sivyo umande utatiririka hadi kwenye nyaya.

Kwa kibanda cha juu, mwambie fundi vioo akukatie kioo cha milimita 3: kuta nne na paa, sentimita 10 kila upande. Gundi ni silikoni, iachwe ikauke siku nzima. Plastiki ngumu inayofanana na kioo usiiweke, alkoholi inaipasua mipasuko midogo midogo. Kibanda kinakaa kwenye fremu ya plaiwudi inayoizunguka sahani, na mapengo yote yanazibwa kwa utepe wa sponji. Juu, ndani, chini ya paa, gandisha mkanda wa kitambaa kizito. Kipande cha blanketi kinafaa. Mkanda huo ndio unaoshika alkoholi.

Alkoholi ni isopropanoli ya asilimia 99, ile wanayosafishia bodi mafundi simu. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi mno: maji yanaganda juu ya sahani, nyeusi inakuwa nyeupe, na huoni kitu. Mililita 10 zinatosha kulowesha mkanda. Mvuke wake unawaka kwa urahisi, kwa hiyo madirisha yafunguliwe, na kiberiti na jiko vikae mbali. Asubuhi za Julai Arusha, chumba kikiwa na nyuzi 15, mvuke ni mchache. Weka mfuko wa maji ya vuguvugu juu ya paa la kioo na hali inabadilika ndani ya dakika chache.

Kupima baridi tumia multimita yenye waya wa thamokapo aina ya K, ncha yake ikandamizwe kwenye sahani. Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea wakati wa Korona havisomi chini ya joto la mwili, na hata vya viwandani hudanganywa na chuma kinachong'aa.

Washa pampu kwanza, kisha umeme wa vigae. Baada ya dakika kumi hivi utaona manyunyu mepesi karibu na sahani. Zima taa za chumba, laza tochi ya LED ubavuni, mwanga upite milimita chache juu ya nyeusi, nawe tazama ukiwa upande unaoelekeana na tochi kwa pembe, si nyuma yake. Matone madogo hutupa mwanga mbele zaidi kuliko nyuma, na kosa hili pekee limewafanya wengi waamini chemba yao ni mbovu. Tabaka likionekana kujaa ukungu usio na mistari, sugua rula ya plastiki kwa nywele na uipitishe juu ya paa: chaji yake inafagia ayoni za zamani na mistari mipya inajitokeza safi.

Mstari mnene, mfupi, ulionyooka ni chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu, mara nyingi ya radoni, gesi ya mionzi iliyomo hewani. Mwembamba unaopindapinda ni elektroni yenye nishati ndogo, inayogongwa huku na huko. Mwembamba, mrefu, ulionyooka kama uzi uliovutwa, huo ndio wa kuutafuta: yumkini ni muoni. Sahani ya sentimita 36 za mraba inapitiwa na muoni zaidi ya 36 kwa dakika, lakini hutaona mistari 36. Nyingi zinashuka karibu wima, na kwa kuwa tabaka ni jembamba zinaacha nukta tu. Ndefu ni zile zinazokuja kwa kuinama, ambazo ni chache. Muoni iliyotulia huishi mikrosekunde 2.2 kwa wastani, muda ambao mwanga unasafiri mita 660 tu. Kuivuka kilomita 15 na kufika juu ya meza yako ni uthibitisho wa nadharia ya uhusianifu: kwa kasi ile, saa yake inakwenda polepole kwa kipimo chetu.

Ukitaka alfa nyingi, omba kwa mchomeleaji fimbo ya TIG yenye ncha nyekundu. Ina asilimia 2 hivi ya oksaidi ya thoriamu. Iweke ndani nzima, usiinoe wala kuivunja, unga wake ndio hatari, na unawe mikono ukimaliza. Subiri kwa makini, na mara moja moja utaona V: mistari miwili minene kutoka nukta moja. Ni gesi ya thoroni iliyooza ikawa poloniamu-216, ambayo nusumaisha yake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni sekunde 0.145 tu, kwa hiyo alfa ya pili inatoka kabla kiini hakijasogea. Chanzo kingine chochote cha mionzi usikitafute. Vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kwa sababu nzuri.

Mistari ikikatika ghafla baada ya nusu saa nzuri, gusa maji ya ndoo kwanza. Ikiwa barafu imeisha, umeshapata jibu. Kama maji ni ya baridi na sahani inapanda, angalia maungio ya nyaya. Ungio lililolegea linajipasha moto lenyewe, volti zinapungua, kigae kinadhoofika. Tarehe 19 Septemba 2008, siku chache tu baada ya LHC kuwashwa, ungio moja kati ya sumaku zake lilikuwa na ukinzani wa nano-ohm 220 kwa makadirio ya wataalamu. Kwa mkondo wa ampea 8,700, hiyo ni wati 17 hivi, pungufu ya balbu ndogo. Lakini sumaku zile zinafanya kazi kwenye kelvini 1.9, yaani nyuzi −271 hivi za selsiasi, na joto lile halikuwa na pa kwenda. Ungio likayeyuka, cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu inayozipoza, tani kama 6 zikavuja, sumaku 53 zikalazimika kutengenezwa au kubadilishwa. Mashine ilirudi Novemba 2009. Kwa hiyo lehemu maungio yako, usiyasokote kwa mkono.

Umeme ukikatika, joto la chini linapanda juu ndani ya dakika moja na tabaka linakufa. Hakuna kilichoharibika, anza upya. Ukiona barafu nyeupe juu ya sahani ingawa alkoholi ni safi, hewa ya nje inapenya. Pitisha kidole kilicholowa kwenye mapengo yote.

Nashauri msitumie chemba hii kulinganisha Moshi na vituo vya Kilimanjaro, ingawa hamu ni kubwa, na ni ya haki: Victor Hess alipanda kwa puto mwaka 1912 hadi kama mita 5,300, chini ya kilele cha Kibo, akagundua kuwa mionzi inaongezeka kadiri unavyopanda. Unene wa tabaka lenu hubadilika kila sahani inapobadilika nyuzi moja, na hesabu ya mistari inafuata tabaka badala ya kimo. Kwa kuhesabu tumieni bamba mbili za plastiki ya sintileta, inayotoa mwanga ikipitiwa na chembe, moja juu ya nyingine, zenye vihisi mwanga vya silikoni, mkihesabu pale tu zote mbili zinapowaka kwa pamoja. Hesabu 100 ina shaka ya asilimia 10, hesabu 10,000 ina shaka ya asilimia 1. Kati ya Moshi na Arusha tofauti ni ndogo, kwa hiyo kaeni kila mahali hadi mfike 10,000, mkiweka umbali ule ule kati ya bamba na kuandika kanieneo la hewa kila saa, kwa kuwa likipanda, muoni hupungua.