Kabla hujalipia gita la kwanza, peleka mikono yako dukani

Juzi mdogo wangu kanipigia simu, anataka kununua gita. Muuzaji kashamtumia picha WhatsApp, gita jeusi linang'aa, bei kapunguziwa, yeye anachotaka nimwambie tu kama ni zuri. Nikamwambia subiri kwanza mdogo wangu, usitume hela. Tukaongea mpaka salio likakata, basi nikaona bora niandike hapa taratibu, maana haya mambo mi niliyajua nimeshachelewa, baada ya kama miezi saba ya kuumia vidole na kuamini kwamba sina kipaji.

Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Morogoro. Nilitaka gita kwa ajili ya watoto, ile asubuhi wakiingia darasani tuimbe na chombo, sio makofi tu kila siku. Nikajichanga, nikaenda Dar, nikaingia duka moja Kariakoo nikasema nataka gita zuri la kuanzia. Kijana akanishushia lile kubwa kuliko yote ukutani, "dada chukua hili, sauti yake nzito, hutajuta". Nililishika nimesimama, nikapitisha kidole kwenye nyuzi mara moja, likalia vizuri, nikalipa. Sikukaa nalo kwenye kiti hata dakika moja. Kiatu cha elfu kumi na tano unakijaribu miguu yote miwili unatembea nacho mpaka mlangoni na kurudi, gita la laki mbili na zaidi sikulijaribu.

Nyumbani sasa. Nikaanza na kodi, zile sauti kadhaa unazozibonyeza na kuzipiga kwa pamoja: Em inatoka, G inatoka kwa kujikaza, C nusu ya nyuzi zinakufa, na F ndo kabisa, ile kodi ya kulaza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote haikuwahi kutoka hata siku moja. Kila niliyemuuliza alinijibu yale yale mawili, "vidole vyako vifupi" au "utazoea". Naomba niseme kitu hapo kwenye kuzoea. Ncha za vidole kuuma wiki mbili tatu za kwanza ni kawaida kabisa, ngozi inaota sugu halafu yanaisha. Lakini maumivu ya kwenye shina la dole gumba, ya kifundo cha mkono, ya bega, hayo usiyazoee. Hayo ni dalili kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, aidha unavyoshika au gita lenyewe, na mara nyingi watu wanamlaumu mpigaji hata hilo gita halijakaguliwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayepiga gita kanisani kwetu. Nilimfuata baada ya ibada, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamweleza. Akaniambia kesho yake niende nalo kwake. Kufika hakulipiga hata kidogo, alinipa mimi, akasema piga F hapo hapo mwanzo wa shingo. Nikapiga, ikalia kama mbao. Akasema haya, umbo hilo hilo la mkono, usibadilishe kitu, sogea nalo mpaka freti ya tano, zile freti ni vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Jamani, ikalia! Sio vizuri sana lakini nyuzi zote sita nilizisikia. Akaniambia, "mkono wako hauna shida mwanangu, tatizo liko huku juu", akanionyesha kile kimfupa chenye vijimfereji sita pale shingo inapoanzia, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vifungo vya kutuni. Vile vijimfereji kwenye gita langu vilikuwa havijachongwa vya kutosha, kwa hiyo nyuzi zilikuwa zinaelea juu sana pale freti ya kwanza, na hapo ndipo mwanafunzi anapoanzia maisha yake yote, C, D, F, zote ziko hapo. Kule kwenye freti ya tano kimfupa hakina nguvu tena (na freti zenyewe ziko karibu karibu zaidi), ndo maana umbo lile la F lilitoka.

Kuna njia ya kulijaribu hili hata kama F huijui. Funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza, halafu piga kodi zako unazozijua ukiihesabu hiyo kapo kama ndo mwanzo wa shingo. Kama ghafla mkono unakuwa mwepesi kwa tofauti kubwa, basi kimfupa cha juu kiko juu mno, na hiyo ni kazi ndogo ya fundi anayejua, anapitisha tupa nyembamba taratibu kwenye kila mfereji, kidogo kidogo, maana akizidisha nyuzi zitaanza kugonga freti na kulia zzz, na hapo kimfupa kinabadilishwa chote.

Halafu mzee akachukua rula, hii hii ya shule yenye milimita. Akaisimamisha juu ya freti ya 12, akaangalia nafasi kati ya freti na uzi mnene wa juu. Milimita nne. Akatikisa kichwa. Kwenye gita la nyuzi za chuma ukikuta kama mbili na nusu kwenye uzi mnene na mbili au pungufu kidogo kwenye uzi mwembamba, hapo unapiga bila kuteseka. Akachomoa kile kimfupa kingine cha chini, kinachokaa kwenye daraja, kile kipande cha mbao juu ya tumbo nyuzi zinapofungwa, akakisugua upande wa chini kwenye msasa alioulaza juu ya kioo. Hesabu yake ni kwamba ukitaka kushusha milimita moja pale kwenye freti ya 12, unapunguza mbili kwenye kimfupa. Anasugua, anapima, anarudishia, anapiga, anachomoa tena. Ilichukua kama saa nzima na mi nimekaa pembeni natazama ule unga mweupe unavyodondoka kwenye gazeti. Mwisho akatoa nyuzi za namba 12 zilizokuwepo akaweka za namba 10, ambazo ni nyembamba. Sauti inapungua kidogo, sikatai, ila kwa mtu anayeanza ni heri mara mia.

Wiki ile ile F ikatoka. Sikuamini. Nililia, nasema ukweli.

Ila bega liliendelea kuuma, na hilo halikuwa la kusugua kwa msasa. Yale magita makubwa yenye mabega mapana, yale wanayoita dreadnought, ambayo kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kuyatengeneza mwaka 1916 na jina likatoka kwenye meli ya vita ya Waingereza, tumbo lake kwa chini linafika karibu sentimita 40 upana, na ni nene pia. Mi mfupi, nikikaa nalo mkono wa kulia inabidi uupandishe ndo upite juu ya tumbo ufike kwenye nyuzi, kwa hiyo bega linakaa limeinuka muda wote. Nikaja kulijaribu la rafiki yangu, lenye kiuno chembamba na tumbo dogo, bega likashuka lenyewe. Lile kubwa nikampa kaka yangu ana mikono kama koleo, linamkaa kama alizaliwa nalo, na mi nikanunua dogo.

Sasa kuhusu urefu wa nyuzi, hapa watu wanapigwa sana maneno dukani. Urefu unaohesabika ni wa kutoka kimfupa cha juu mpaka kimfupa cha darajani. Dreadnought ya kawaida ni kama milimita 645. Yamaha F310, ambayo wengi wanaanza nayo, ni 634. Nilikaa nikapiga hesabu, kutoka mwanzo wa shingo mpaka freti ya nne tofauti ya hayo mawili ni milimita mbili na kidogo tu. Utaihisi kidole kidogo kinaponyoosha mwisho wake, lakini haitakugeuza mtu mwingine. Ukienda kwenye gita la robo tatu lenye kama 580 hapo tofauti inafika milimita 13, hiyo ni kubwa, na kwa mtoto au mtu mwenye viganja vidogo kabisa inafaa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hili ni fupi linafaa wanawake, muulize fupi kwa ngapi. Na kabla hujabadilisha gita zima kuna dawa ya bure, shusha tuni nusu hatua, yaani kiasi cha freti moja, kwa nyuzi zote. Mvutano wa nyuzi unapungua kama asilimia 11, na ukitaka kuimba na wenzako kwenye ufunguo wa kawaida unafunga kapo freti ya kwanza umerudi pale pale.

Kinachosahaulika ni upana wa shingo. Magita ya nyuzi za chuma mengi yana kama milimita 43 pale mwanzoni, mengine 44 na nusu. Yale ya nailoni, ya klasiki, yana kama 52. Ndo maana ushauri wa "anayeanza achukue nailoni, ni laini" ni kweli nusu. Ncha za vidole zitakushukuru, ila kama kiganja ni kidogo kulizunguka lile shingo pana ni kazi nyingine. Mwenye vidole vinene ndo analifurahia, maana kwenye milimita 43 kidole chake kimoja kinaziba nyuzi mbili na anadhani hajui kupiga. Na naomba sana, sana, usifunge nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni eti upate sauti kali. Nyuzi za chuma za namba 12 zote kwa pamoja zinavuta kama kilo 70 na ushee, za nailoni kama 40. Nimeliona moja hapa mtaani daraja limeng'oka na ngozi ya mbao juu, limebaki kovu jeupe na gundi iliyopasuka.

Kingine jiulize unataka kufanya nini nalo, maana kila mtu anakuuliza bajeti ila hilo hakuulizi. Kama ni kucharaza kodi na kwaya ya watu thelathini bila spika, chukua kubwa, utalihitaji tumbo lile. Kama ni kuimba mwenyewe sebuleni au darasani kama mimi, dogo linatosha na halikufunikii sauti. Na kama moyo wako uko kwenye kudonoa nyuzi moja moja, basi wasikilize wazee wa Katanga kule Kongo. Mwenda Jean Bosco, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville ambayo sasa ni Likasi, alikuwa anaimba Kiswahili huku dole gumba linashika besi na kidole cha shahada kinachota melodi, vidole viwili tu na unaweza kuapa wanapiga watu wawili. Hilo ni gita kavu, halina umeme wala bendi nyuma, na mkono wa kulia ndo unafanya kazi kubwa. Kwa staili hiyo angalia nafasi kati ya uzi na uzi pale unapodonolea, zikibanana dole gumba na shahada vinagongana. Tafuta hiyo shingo ya 44 na nusu, au hata nailoni kama mkono unaruhusu.

Mbao sitasema mengi. Plaiwudi sio aibu kwa gita la kwanza, hasa kwa walioko Dar, Tanga na Zanzibar, inavumilia unyevunyevu kuliko ubao mzima, ambao unalia vizuri zaidi ila unataka kutunzwa. Nyuzi ndo zitapata kutu popote ulipo kwenye joto la pwani, futa na kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Kwa hiyo ndo niliyomwambia mdogo wangu. Aende mwenyewe. Akae kwenye kiti kisicho na mikono, aombe lituniwe kwanza, akae nalo dakika kumi bila haraka, muuzaji akinuna anune. Abonyeze kila uzi kila freti mmoja mmoja asikilize kama kuna zzz. Afumbe jicho moja atazame shingo kuanzia kichwani kuelekea kwenye daraja kama fundi seremala anavyotazama ubao, aone kama imepinda. Apitishe kiganja pembeni ya shingo asikie kama ncha za freti zinachoma. Mabega yake yasikilizwe. Asipojua kodi hata moja aende na anayejua, ila anayeshika awe yeye.

Akaniuliza, dada si twende wote? Nitakuja Jumamosi, nimeshatia rula na kapo kwenye mkoba. Lile jeusi linalong'aa tutalijaribu pia, huenda likamfaa, sijalishika.